Kliniki ya Ndeeba iliyokataa kuniuzia dawa

Kama wewe ni mtu wa kutoka hospitali na mfuko mzito wa dawa ndipo uone pesa yako imefanya kazi, usijisumbue kupanda ngazi za kliniki hii. Utaona umeibiwa. Mimi nilitoka pale na vidonge vya maumivu vya shilingi elfu tatu, agizo la kupasha mbavu moto, na jina la kisiwa ambacho sikuwa nimewahi kukisikia, na bado naipa nyota nne kati ya tano. Ile ya tano nitawaambia ilikopotelea.

Majina sitaandika, la hii wala la ile nyingine nitakayoisema vibaya huko chini. Ile nyingine iko mtaani kwetu, watoto wa mwenye nayo wanasoma na wa kwetu, na nikitaja moja nikaficha moja mtakaa mkahesabu mpaka mmpate. Hii ya Ndeeba, hapa Kampala, mtu anayeijua Masaka Road ataifikia bila jina: iko ghorofani, juu ya duka la mbao, upande wa kushoto ukitokea mjini, na ngazi zake zimepakwa rangi ya kijani ambayo imebaki pembeni tu.

Maumivu yenyewe kwanza, maana bila hayo hamtaelewa kwa nini nasifia mtu aliyeninyima dawa.

Nauza mapazia na mashuka ya mitumba Owino, soko ambalo kwenye makaratasi linaitwa St. Balikuddembe na ambalo sijasikia mteja wangu hata mmoja akiliita hivyo. Asubuhi ile nilikuwa nimeshafungua belo, nakung'uta mapazia, nikashikwa upande wa kulia, chini ya ziwa, pale mbavu zinapoelekea kwisha. Hayakuja polepole. Yalikaza ghafla kama zile kamba za belo kabla hujazikata, na kila nilipotaka kuvuta pumzi yakakaza zaidi. Nikawa napumua vipande vipande. Kukohoa siwezi, kucheka siwezi, kumgeukia mteja siwezi. Baada ya muda yakalegea yenyewe, nikanyooka, nikasema alhamdulillahi, hata pazia moja nikauza. Yakarudi. Jioni homa ikaingia, na kichwa nacho.

Sokoni kila mtu ni daktari. Wa viatu akasema gesi. Wa nguo za watoto akasema kichomi, nimeoga maji baridi alfajiri. Wapagazi wakasema nimebeba vibaya, ingawa mimi sibebi, nalipa wao wabebe. Mmoja akanong'ona "moyo" akimtazama mwenzake, na hilo ndilo lililonitisha. Shangazi yangu wa Bombo, kwa simu, akasema hapana, hicho ni kitu kimekukamata mbavu, usomewe dua leo leo.

Nikaenda kliniki ya mtaani kwa sababu ndiyo iliyo karibu. Ni safi, nisiseme uongo. Ina viti laini, ina luninga, na mapokezi wanakuita "nnyabo", yaani mama, kwa sauti ya asali. Sifa zimeishia hapo. Musawo, yaani daktari wao, aliniuliza naumwa wapi, na kabla sijamaliza kumwonyesha alikuwa ameshaandika: malaria, typhoid. Wakanitoboa kidole. Kipimo cha malaria kikatoa mstari mmoja, maana yake hamna. Cha typhoid, kile cha Widal, nikaambiwa "iko kidogo".

Iko kidogo! Mtu wa Kampala hajaishi kama hajaambiwa typhoid yake iko kidogo. Sisemi ugonjwa huo haupo Uganda. Upo, na unaua. Lakini Widal haitafuti kijidudu chenyewe, inatafuta askari wa kinga ambao mwili uliwahi kuwatengeneza, na askari hao wanaweza kuwa wamebaki tangu ulipougua zamani, au walitengenezwa kwa kitu kingine kabisa. Kipimo kimoja cha namna hiyo, peke yake, hakimfungi mtu. Binti yangu anayesomea uuguzi amenieleza hilo mara nyingi mpaka naliota. Hata hivyo nikawekewa dripu, nikachomwa sindano ya seftriaksoni, dawa ya kuua bakteria, nikapangiwa nyingine za asubuhi na jioni, na juu yake nikapewa dozi ya malaria "ya kujificha", wakati utaratibu wa serikali ni kupima kwanza na kutibu kile kilichoonekana. Shilingi 185,000. Na katika yote hayo hakuna aliyenigusa kifua. Narudia: nimekuja na maumivu ya kifua, nikatoka, hakuna aliyeweka mkono wala kile kipimo cha masikioni juu ya kifua changu.

Usiku ule sikulala. Dripu haikujua nimelalia upande gani.

Aliyenielekeza Ndeeba ni fundi wangu wa kupunguza mapazia, ambaye baba yake anatibiwa presha pale. Boda sikuweza, tuta moja tu lingenimaliza, kwa hiyo mume wangu akakodi gari. Ngazi nilizipanda kwa kusimama kila hatua. Juu kabisa, kabla ya mlango, kuna bomba na sabuni ya kipande imefungwa kwenye kamba, na sista anakusimamia unawe. Mwanzoni nikaona ni makuu. Mume wangu akatoa chupa yake ya kitakasa mikono, akaambiwa, "Baba, rudisha hiyo mfukoni, nawa maji." Sababu yake tuliijua baadaye.

Foleni ndefu. Mapokezi hawana asali yoyote, unaulizwa jina kama uko kwa mgambo. Lakini sista alipoona ninavyopumua akanitoa kwenye benchi, akanipima joto, presha na kile kidude cha kubana kidole, akaniingiza mbele ya watu. Hakuna aliyenung'unika kwa sauti.

Daktari ni mtu mzima, amekulia kambi ya jeshi ya Bombo, kwa hiyo Kiswahili chake ni chetu. Akaniacha niseme. Nikasema yote, mpaka ya shangazi. Halafu yakaanza maswali, na hapa ndipo pesa yangu ilipofanya kazi. Maumivu yanapanda begani, yanashuka mkononi, yanaingia tayani? Hapana. Nikipanda kilima ndiyo yanakuja? Yanakuja hata nimelala. Nina kikohozi? Kimezidi wiki mbili? Natoka jasho usiku, nimepungua uzito? Hapana, na akaeleza kwamba kifua kikuu kipo nchini, mwenye kikohozi cha wiki mbili asibahatishe, apimwe, na vituo vya serikali hupima bure. Nimesafiri basi la mbali hivi karibuni? Natumia vidonge vya uzazi wa mpango? Mguu mmoja umevimba? Akanibonyeza vigimbi vyote viwili, kwa sababu damu ikiganda mguuni kipande chake kinaweza kusafiri mpaka kwenye pafu, na hicho nacho kinachoma mtu akivuta pumzi. Akanifunua mgongo na ubavu kutafuta malengelenge ya mkanda wa jeshi. Akauliza kama nimeanguka au nimepigwa. Akamtazama mume wangu kidogo alipouliza hilo la pili, naye mume wangu akatazama kalenda ukutani.

Kisha akataka kunisikiliza mapafu. Chini kuna msumeno wa mbao, na ule msumeno ukilia huwezi kusikia hata mawazo yako. Daktari akaenda dirishani, akapiga mluzi. Msumeno ukazimwa. Akanisikiliza mgongo wote, mbele, kwapani, moyo, bila haraka, hakuna sauti ila zile teksi za barabarani. Akarudi dirishani, akapiga mluzi tena, ukawashwa. Hakuna aliyesema neno. Inaonekana ndivyo wanavyoishi.

Baada ya hapo akatembeza kidole kimoja katikati ya mbavu zangu, ubavu kwa ubavu, akishuka taratibu. Alipofika mahali pake nilipiga kelele. Akasema, "Vizuri." Nikamwambia mimi sioni uzuri wake. Akasema moyo hauumi ukibonyezwa kwa kidole namna hiyo. Kinacholia hapo ni misuli. Lakini hakuishia hapo. Akanipima umeme wa moyo palepale, karatasi ikatoka ndefu, akaisoma akiwa amesimama. Picha ya eksirei hawana, akanituma mtaa wa pili. Niliporudi nayo akaipandisha dirishani kwenye mwanga akaitazama mwenyewe, hakusoma tu maneno ya yule wa eksirei. Mapafu safi, mbavu nzima.

Ndipo akauliza swali ambalo soko zima, na kliniki ya viti laini, hakuna aliyeliuliza: nyumbani, nani mwingine ameugua wiki hizi?

Nikasema hakuna. Mume wangu akasema, yupo, mtoto wa dada yako. Kweli. Mtoto huyo analala kwetu, anasoma shule ya chekechea, na siku chache nyuma alikuwa na homa, analia tumbo linakuja na kuondoka. Tukampa dawa ya minyoo, akapona, tukaishukuru dawa ya minyoo. Daktari akaweka kalamu chini.

"Mama," akasema, "hii naona ni ugonjwa wa Bornholm. Ni virusi. Wewe umekupata kifuani, mtoto ulimpata tumboni, ni mmoja huo huo. Hakuna dawa ya kuua virusi hivi, kwa hiyo sina cha kukuuzia. Zile sindano za asubuhi na jioni ziache, hazigusi virusi."

Nimekaa na sentensi hiyo sana. Nimezunguka kliniki za Kampala maisha yangu yote na nadhani ile ilikuwa mara ya kwanza mtu mwenye koti jeupe kuniambia hana cha kuniuzia.

Akaeleza hivi. Virusi vyenyewe vingi ni vya kundi linaloitwa Coxsackie B, ukoo mmoja na virusi vya polio, ingawa hivi chanjo yake haipo. Vinakaa kooni na tumboni, vinatoka na mate na zaidi na choo, vinasafiri kwa mikono. Watoto wadogo ndio wasafirishaji wakuu, maana mtoto hanawi, anashika. Siku chache baada ya kuvipata, homa inaingia na misuli ya kifua na ya tumbo la juu inashikwa. Maumivu huja kwa mawimbi. Wimbi linaweza kukaa dakika chache au nusu saa, likaachia, likarudi. Wakubwa huumwa zaidi kifua, watoto zaidi tumbo, na mtoto mwingine hufikishwa hata kwa daktari wa upasuaji wakidhani ni kidole tumbo. Wengi hupona ndani ya wiki moja hivi. Akasisitiza: unaweza kuona umepona, homa imekwisha, kisha maumivu yakarudi. Usikimbie. Yatakwisha.

Nikamuuliza, kama ni virusi kwa nini usipime uvione? Akasema vinaweza kupimwa, kwa choo au kwa kijiti cha kooni, kwenye maabara kubwa, kwa gharama kubwa, na jibu likija nitakuwa nimeshapona na matibabu yangekuwa yale yale. Alichokifanya ni kuondoa vile vinavyoua, kimoja kimoja, na kusikiliza hadithi iliyobaki. Sijui kama kila mtu angeridhika na jibu hilo. Mimi liliniridhisha, kwa sababu niliona kwa macho yangu jinsi alivyoviondoa.

Bornholm ndicho kile kisiwa, nacho kiko Denmark, katika bahari ya Baltiki, ingawa kwenye ramani kimekaa karibu na Sweden kuliko Denmark yenyewe. Daktari wa huko aitwaye Ejnar Sylvest aliandika mwaka 1930 kuhusu wagonjwa wa Bornholm wenye maumivu haya, na jina likaganda. Si kwamba ulianzia hapo. Binti yangu akanisomea jioni kwamba Wanorwe, Daae na Homann, walikuwa wameshauandika mwaka 1872 katika eneo la Bamble, na Dabney wa Virginia kule Marekani akaandika kuhusu mlipuko wa mwaka 1888. Wamarekani hao waliuita mshiko wa shetani. Nilimpigia shangazi palepale kumpa habari hiyo. Akasema, "Si nilikwambia?" na tangu hapo hashikiki. Virusi navyo vilikuja kupatikana mwaka 1948 na Gilbert Dalldorf na Grace Sickles, kwa watoto waliodhaniwa wana polio katika mji wa Coxsackie, jimbo la New York. Kwa hiyo ugonjwa una jina la kisiwa na virusi vyake vina jina la mji, na watu wa sehemu zote mbili nadhani wamechoka kuulizwa.

Nawaonea huruma, maana sisi tunaijua hali hiyo. Zika ni msitu wetu, uko njia ya Entebbe, virusi vilionekana kwa nyani wa utafiti mwaka 1947 na leo mtu wa Brazili anatamka jina hilo kwa chuki. West Nile ni kwa ndugu zetu wa Arua, tangu 1937. Watu wa Bundibugyo, wilaya yetu ya magharibi, walikuja kupewa Ebola yao mwaka 2007. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2015 magonjwa mapya yasipewe tena majina ya mahali. Kwetu walichelewa.

Turudi kwenye kliniki. Kabla hajaniruhusu, daktari alinipa karatasi ya mambo ya kunirudisha haraka, kwa mwandiko unaosomeka, ambayo nayo ni huduma. Maumivu yakihamia katikati ya kifua yakakaa bila kuachia, au yakienda mkononi na tayani. Pumzi ikikata hata wakati maumivu yametulia. Moyo ukienda mbio ovyo, au kuzirai. Shingo ikikakamaa na mwanga ukiniumiza macho. Maana virusi hivi, mara chache, huingia kwenye moyo wenyewe, kwenye ngozi inayoufunika, au kwenye utando wa ubongo. Na kwa wanaume, akasema, mara nyingine huvimbisha korodani. Mume wangu, ambaye mpaka hapo alikuwa ameinamia simu, akainua kichwa na kuuliza huyo mwanamume anapaswa kunawa mikono mara ngapi kwa siku.

Jibu la hilo ndilo lililoeleza bomba la mlangoni. Virusi vya ukoo huu havina lile gamba la mafuta ambalo spiriti hulivunja, kwa hiyo kitakasa mikono hakivimudu vizuri. Sabuni na maji yanayotiririka vinaviondoa. Hasa ukitoka chooni, hasa ukimsafisha mtoto, hasa kabla ya kushika chakula. Ile kliniki ya mtaani ina chupa ya kitakasa mezani, ya kubonyeza, na ndani ni tupu.

Bei, kwa wanaotaka bei: kumwona daktari 20,000, umeme wa moyo 40,000, eksirei ya mtaa wa pili 35,000, vidonge 3,000. Jumla 98,000 na risiti ya kila kitu. Wapo watakaosema 20,000 kwa mazungumzo ni ghali. Mimi nililipa 185,000 bila mazungumzo.

Vitu nilivyotumia nyumbani navyo nivipime, maana wengine mtauliza. Vidonge vilikuwa paracetamol na ibuprofen. Hiyo ya pili aliniuliza kwanza kama nina vidonda vya tumbo au shida ya figo, akasema ni baada ya chakula tu. Ilisaidia kweli, si kuondoa, ila kupunguza makali niweze kulala upande mmoja. Mtoto wa dada akirudiwa apewe paracetamol ya watoto, aspirini kamwe, mtoto mwenye virusi hapewi aspirini. Mpira wa maji moto nilionunua duka la dawa ndio bingwa wa hadithi hii. Ufunge kwa kanga, uuweke pale panapokaza, na wimbi likija unalipokea na joto. Angalia kizibo kabla hujanunua, ujaze maji pale pale dukani uugeuze. Wa kwanza kuonyeshwa ulivuja mbele ya macho yetu na muuzaji akatuambia "utazoea". Dawa ya kuchua yenye harufu kali, ile ya kijani kila mtu anayo: inanukia, basi. Shangazi alituma mafuta yake ya kusomewa na nimejipaka pia, kwa sababu ninataka kuendelea kwenda Bombo.

Yakarudi, kama alivyosema. Homa ilikuwa imeshapoa, nimeanza kwenda sokoni nusu siku, nikashikwa tena nikiwa nahesabu chenji, safari hii upande wa kushoto. Wa viatu akaanza kukusanya watu wanibebe. Ingekuwa sikuambiwa mapema, ningekuwa nimelala kwenye dripu nyingine kabla ya adhuhuri, typhoid yangu imekuwa "iko sana". Kwa kuwa ni upande wa moyo sikutaka ujeuri, nikatoa karatasi, nikasoma alama moja moja: pumzi, mkono, taya, kuzirai. Hakuna hata moja. Nikampigia sista wa Ndeeba, akampa daktari simu, akaniuliza yale yale, akasema nipite jioni anipime umeme wa moyo tena. Nikapita. Ulikuwa sawa. Kunitazama hakunitoza, alinitoza karatasi ya kipimo tu.

Sasa nyota ya tano. Imepotelea kwenye ngazi. Kliniki inayopokea watu wa presha, moyo na kifua haiwezi kuwa juu ya ngazi kali namna ile bila hata kishikio. Nilipokuwa napanda nilimpita mzee aliyekaa katikati akingoja nguvu zirudi. Kidogo imepotelea kwenye mapokezi, kwa yule wa kuuliza jina kama mgambo. Na daktari huyu hayupo kila siku. Siku asipokuwepo kuna kijana ambaye nasikia naye ni mwepesi wa kuandika dripu, kwa hiyo piga simu kwanza uulize nani yuko zamu. Pesa ya simu wanapokea, ila makato ni juu yako. Choo kina maji na sabuni, nilikwenda kuhakikisha.

Na mkimpeleka mtu asiyeweza ngazi, msipitie mbele. Zungukeni nyuma, penye lango la magari ya mbao, mwulizeni kijana wa msumeno. Kuna mteremko wa zege wa kupandishia mbao unaoingia ghorofani moja kwa moja, na sista atawafungulia mlango wa upande huo mkimwambia. Hawajauandika popote.